Mamboleo: Jembe Lilipotuzwa
Wengi wetu shuleni jembe tulilijua kwa adhabu: ukichelewa, ukalime. Ndiyo sababu nilipofika Mamboleo, Kisumu, kwenye maonyesho ya kilimo, nilistaajabu kuona wanafunzi wakijivunia mtama na ng'ombe wao, nyatiti ikilia kando. Chama cha maonyesho hayo kilianzishwa na walowezi mwaka 1901. Vilabu vya wanafunzi vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilizaliwa mwaka 1962, na jembe likawa la kutuzwa. Mwaka 2021 palifunguliwa uwanja wa michezo papo hapo Mamboleo; mwaka huo huo 4-K zikafufuliwa. Mpira una raha yake, bali haujazi chungu. Enyi walimu, jembe msilirudishe kwenye adhabu.