Bima ya Kipato kwa Wafanyakazi wa Mkataba: Historia ya Wapagazi na Hukumu ya Sharia



Mtu anayelipwa kwa kazi aliyoimaliza hukatikiwa na kipato siku ile ile anayougua. Leo hii vijana wetu wengi wamo katika hali hiyo: waandishi wa programu za kompyuta, wafungaji wa mitambo ya intaneti, mafundi simu, na wengineo wanaofanya kazi kwa mikataba ya miezi miwili au mitatu. Wapo Dar es Salaam na Nairobi, na wapo pia Tabora na Sikonge. Je, inajuzu kwa mtu wa namna hii kukata bima ya kipato, yaani bima itakayomlipa sehemu ya pato lake anapougua au kuumia akashindwa kufanya kazi? Na kama haijuzu, Uislamu umemwekea nini badala yake? Haya ndiyo tutakayoyaeleza, inshaallah.

Wapagazi wa njia ya Unyanyembe

Kazi ya mkataba si ngeni katika nchi hii. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Iko njia iliyotoka Bagamoyo, iko iliyokwenda Ujiji, na iko iliyopanda Karagwe hadi Buganda. Mwaka 1871, vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilipoifunga njia ya Ujiji, misafara ilizungukia upande wa kusini, kupitia nchi za Ugunda na Ukonongo. Huko kusini mwa Tabora ndiko iliko Sikonge ya leo.

Waliobeba mizigo hiyo kwa wingi walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Alipatana ujira wa nguo za merikani, shanga au nyaya, na juu yake posho ya chakula cha njiani. Mara nyingi sehemu ya ujira ilitangulizwa. Hatusemi kwamba wote walikuwa huru, kwani walikuwemo pia watumwa ambao mabwana zao walichukua sehemu ya ujira wao. Lakini wengi walikuwa watu huru walioingia katika mapatano kwa hiari yao, na waliogoma pale mapatano yalipovunjwa.

Sasa mpagazi alipougua ilikuwaje? Ndui ilipoingia katika msafara iliua watu wengi. Mzigo wa mgonjwa uligawiwa wengine, na asiyeweza kwenda aliachwa kijijini, au hata njiani. Mali ilikuwa na wa kuibeba, lakini kipato cha mgonjwa hakikuwa na dhamana. Tegemeo lake likabaki kuwa wenzake wa kambi moja, waliopika pamoja na kulala pamoja. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, upagazi wa masafa marefu ukafifia, lakini lile swali halikwisha.

Hali ya leo kisheria

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, unaomlipa mwajiriwa aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi.

Mafundi na wataalamu wanaojitegemea hawamo katika haya, kwa kuwa kisheria si waajiriwa. Anaweza kujiunga na NSSF kwa hiari yake, nalo ni jambo jema. Anaweza kuwa na bima ya afya, lakini bima hiyo hulipa hospitali. Unga wa nyumbani na kodi ya nyumba haivihusu. Hapo ndipo kampuni za bima hujitokeza na mkataba wa bima ya kipato: lipa kiasi fulani kila mwezi, na ukishindwa kazi tutakulipa sehemu ya pato lako baada ya muda maalumu wa kungoja.

Haki yake katika mkataba

Kabla ya bima, tuanze na mkataba wenyewe. Mafakihi wametofautisha ijara na juala. Katika ijara juu ya mtu maalumu, mfanyakazi akishindwa kabisa kuendelea, mkataba huvunjika kwa muda uliobaki, naye hustahiki ujira wa sehemu aliyoifanya. Kama jukumu liko katika dhima yake na si lazima alifanye kwa mkono wake, anaweza kumweka mwingine aimalize. Ama juala, ambayo ni ahadi ya malipo kwa atakayeikamilisha kazi, asiyeimaliza hapati kitu.

Faida ya elimu hii ni kubwa. Tunamnasihi kila mwenye kuchukua kazi ya miezi mitatu aigawe katika hatua, na kila hatua iwe na ujira wake unaojulikana. Akiugua katika hatua ya tatu, za kwanza mbili zimekwisha kuwa haki yake.

Hukumu ya bima ya kibiashara

Bima haikuwepo kwa sura hii zama za maimamu wanne. Miongoni mwa wa mwanzo kuiandikia ni Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1252H (1836), alipozungumzia bima ya shehena za baharini na kuikataza. Mwaka 1398H (1978), Majmaa ya Fiqhi ya Rabita huko Makka iliharamisha bima ya kibiashara, akikhalifu Sheikh Mustafa al-Zarqa peke yake, ambaye aliona asili yake yajuzu. Mwaka 1985 Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah, nayo ikaamua hivyo hivyo, na ikaijuzisha bima ya ushirika iliyosimama juu ya tabarru na kusaidiana.

Sababu ya wengi hao ni hii. Mteja ananunua kitu asichojua kama atakipata, wala lini, wala kiasi gani. Huu ni gharari, na Mtume (S.A.W) amekataza biashara ya gharari, kama ilivyopokewa na Muslim. Akiwa mzima miaka kumi, fedha zake zimekwenda kwa wenye kampuni. Akiugua mwezi wa pili, huenda akachukua mara nyingi ya alichotoa. Aghlabu fedha hizo huwekezwa katika riba.

Lakini iangaliwe vizuri: kilichokatazwa ni kuiuza dhamana hiyo kwa namna hiyo. Kutaka familia isilale njaa mtu anapougua hakukukatazwa. Kufunga ngamia hakupingani na kutawakali.

Badala yake: takaful

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W) aliwasifu Ashaari, kabila la Abu Musa (R.A). Chakula chao kilipopungua vitani au mjini Madina, walikusanya walicho nacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa. Hiki ndicho kiini cha takaful. Kila mshiriki hutoa mchango kwa nia ya tabarru. Mfuko ni mali ya washiriki. Msimamizi ni wakala mwenye ujira unaojulikana. Uwekezaji huwa wa halali, na ziada haiwi faida ya kampuni. Gharari inayoharibu biashara husamehewa katika tabarru.

Sudan ilianzisha kampuni ya namna hii mwaka 1979, Malaysia ikatunga sheria yake mwaka 1984, na Kenya Takaful Insurance of Africa ilianza kazi mwaka 2011. Hapa Tanzania, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ilitoa mwongozo wa takaful mwaka 2022. Mwenye kutaka kujiunga na aulize: je, takaful hiyo inagusa kipato, au ni ya magari na nyumba tu?

Pale isipopatikana, watu wa fani moja wanaweza kusaidiana wenyewe. Tuchukue mfano. Watu 30 wakitoa shilingi 10,000 kila mwezi, kwa mwaka ni 3,600,000. Wakiugua wawili miezi mitatu mitatu, kila mmoja akapewa 400,000 kwa mwezi, zitatoka 2,400,000 na kubaki 1,200,000. Wakiugua wanne, zitahitajika 4,800,000, na mfuko utapungukiwa. Basi kikundi kidogo kisiahidi zaidi ya uwezo wake. Waandike masharti: mchango ni tabarru na si deni, ugonjwa uthibitishwe na daktari, siku za kungoja na kikomo cha malipo vijulikane, fedha zisikopeshwe kwa riba, hesabu zisomwe mbele ya wote. Wakisajili kikundi kwa mujibu wa sheria, ni salama zaidi. Wala wasiwauzie watu wa nje, kwani kuuza bima kunahitaji leseni.

Na asiyeweza hata hiyo 10,000, akaugua akawa fakiri, haki yake imo katika zaka. Tunawaomba maimamu wasingoje mtu wa namna hiyo asimame msikitini kuomba. Wapagazi wa zamani waliachwa njiani kwa kuwa msafara ulikuwa na haraka. Jamaa ya msikiti haina udhuru huo.

Wallahu a'lam.