Je, Wajua? Miche ya Okidi Inapozidi

Tunda moja la okidi hubeba maelfu ya mbegu laini kama vumbi, zisizo na akiba ya chakula, ambazo porini haziwezi kuota bila msaada wa kuvu wa udongoni, ilhali katika chupa ya maabara yenye virutubisho huota kwa wingi hata mkuzaji akakosa pa kuiweka miche yake.

Mjini Lubumbashi, katika eneo la Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, suala la miche hiyo ya ziada lina uzito wa pekee, kwa kuwa huko okidi ni chakula pia. Viazi vya okidi za ardhini, hasa za jenasi Disa, Satyrium na Habenaria, hutwangwa, huchanganywa na karanga zilizosagwa, kisha hupikwa kuwa chikanda, yaani mkate mzito unaokatwa vipande. Mchimbaji hukiacha kiazi kikuukuu kilicholainika na kuchukua kile kigumu, ambacho ndicho kingechipusha mmea wa mwaka unaofuata. Uchimbaji wa namna hiyo ulichangia Tanzania kuanzisha Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005.

Kwa hiyo miche ya spishi za miombo, yaani misitu ya wazi ya Katanga, haistahili kutupwa, bali igawiwe wakulima na bustani za mimea. Machotara yabaki kwenye vyungu, yasipandwe msituni. Mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini, umeorodhesha okidi zote, lakini kwa spishi nyingi hausimamii miche iliyooteshwa maabara na kusafirishwa ndani ya chupa zisizo na vijidudu.