Mgonjwa Anaposafiri kwa Meli kwa Mara ya Kwanza

Wagonjwa wengi wa Unguja na Pemba wanaopewa rufaa ya matibabu ya kibingwa jijini Dar es Salaam huvuka bahari kwa meli. Baadhi yao huwa hawajawahi kupanda chombo kikubwa maishani mwao. Huondoka nyumbani wakiwa na barua ya rufaa, picha za eksirei na majibu ya maabara, lakini ni wachache walioelezwa namna ya kuutunza ugonjwa wao kwa muda watakaokuwa baharini. Mara nyingi maelezo huanzia pale mgonjwa anapofika hospitali, kana kwamba safari yenyewe haina uzito.

Uzito huo upo. Umbali kati ya Unguja na Dar es Salaam ni kilomita 70 na ushei, na boti ziendazo kasi huuvuka kwa muda wa takriban saa mbili. Atokaye Mkoani, Pemba, ana safari ndefu zaidi. Katika muda huo, mgonjwa wa kisukari aliyejidunga insulini kisha akatapika chakula chote anaweza kushukiwa na sukari. Mwenye kifafa anaweza kutapika vidonge vyake. Aliyeziweka dawa ndani ya begi lililopelekwa kwenye shehena hawezi kuzifikia anapozihitaji. Mengi ya madhara hayo huzuilika, na sehemu kubwa ya kinga hiyo hufanyika kabla meli haijang'oa nanga.

Kwa nini bahari hulevya

Watu wa pwani husema kuwa mtu amelevywa na bahari, na usemi huo haupo mbali na maelezo ya kitabibu. Ndani ya sikio mna mirija midogo yenye majimaji, ambayo huuarifu ubongo kila kichwa kinapogeuka, kinapoinuka au kinaposhuka. Macho nayo hupeleka taarifa zake, kadhalika misuli na viungo. Mtu akiwa nchi kavu, taarifa hizo hukubaliana. Ndani ya meli, msafiri aliyeketi katika ukumbi uliofungwa huona viti na kuta zilizotulia, ilhali sikio linaarifu kuwa mwili unapanda na kushuka. Ubongo ukishindwa kuzipatanisha taarifa hizo, mtu hupiga miayo, hutokwa na jasho la baridi, uso humpauka, mate humjaa kinywani, kisha huja kichefuchefu na kutapika.

Hali hii si ugonjwa wa tumbo, wala si dalili ya woga. Mtu mwenye afya kamili anaweza kupatwa nayo. Huwasumbua zaidi watoto wa kati ya miaka 2 na 12, wanawake, hususan wajawazito, na watu wenye maumivu ya kichwa ya kipandauso. Watoto walio chini ya miaka 2 hupatwa kwa nadra.

Msimu nao una nafasi yake. Upepo wa kusi huvuma kwa nguvu zaidi katikati ya mwaka, na bahari ya miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa na mawimbi makubwa. Mgonjwa ambaye tarehe yake ya kliniki inaweza kusogezwa bila madhara ana haki ya kuuliza hali ya bahari kabla ya kukata tiketi.

Dawa za kuzuia kichefuchefu

Kosa linalotokea mara nyingi ni kusubiri hadi kutapika kuanze ndipo dawa imezwe. Tumbo lililokwisha kuchafuka huchelewa kupitisha dawa, na kidonge huweza kutoka pamoja na matapishi. Dawa hizi hukinga vizuri zaidi kuliko zinavyotibu. Sinarizini humezwa saa mbili kabla ya safari. Prometazini humezwa usiku wa kuamkia safari au saa moja hadi mbili kabla ya kuondoka. Daimenihidrineti humezwa nusu saa hadi saa moja kabla. Dozi huelekezwa na mtaalamu kwa kuzingatia umri na maradhi mengine aliyo nayo msafiri.

Dawa zote hizo huleta usingizi. Mtu anayezitumia kwa mara ya kwanza, hasa mzee, anafaa kusafiri na mwenzake, na asichanganye na pombe wala dawa nyingine za usingizi. Prometazini haipewi mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kudhoofisha upumuaji wake. Mjamzito asinunue dawa yoyote kabla ya kuzungumza na mhudumu wa kliniki yake.

Yapo mambo mawili ambayo wahudumu wa afya wanapaswa kuyakumbuka. La kwanza ni kwamba dawa za mzio zisizoleta usingizi hazisaidii kuzuia kichefuchefu cha safari, na ondansetroni, ijapokuwa ni nzuri kwa kutapika kunakotokana na matibabu ya saratani, haina nguvu kubwa hapa. La pili ni kwamba dawa zinazofaa zina tabia ya kukausha mate na kuzuia mkojo. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kufungwa mkojo, na mwenye aina fulani za presha ya macho anaweza kudhurika. Kwa wagonjwa hao, kuchagua kiti kizuri na kula kwa kiasi hutangulizwa kabla ya kidonge.

Wenye magonjwa ya kudumu

Kanuni ya kwanza inawahusu wote: dawa zikae ndani ya mkoba ambao mgonjwa haachani nao. Zitoshe siku za safari na siku kadhaa zaidi, kwa sababu bahari ikichafuka safari huahirishwa. Ndani ya mkoba huohuo iwemo karatasi yenye majina ya magonjwa, majina ya dawa na dozi zake, mzio wowote alio nao mgonjwa, na namba ya simu ya ndugu.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini ale kabla ya kupanda, chakula chepesi na cha kutosha, kwani kusafiri na njaa kwa kuhofia kutapika ni hatari zaidi kwake. Abebe sukari au kinywaji chenye sukari. Akihisi kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, anywe vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari vilivyokorogwa katika maji, kisha apime tena au aangaliwe baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu asitiliwe kitu chochote kinywani. Insulini inayotumika haihitaji barafu kwa safari ya saa chache, inahitaji kivuli. Ikigusana na barafu ikaganda, huharibika hata kama ikiyeyuka baadaye inaonekana vilevile.

Mwenye kifafa aulize mapema afanye nini iwapo atatapika muda mfupi baada ya kumeza dawa, maana kukosa dozi ni miongoni mwa sababu kubwa za degedege kurudi. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini aulize wakati wa kuzimeza siku hiyo. Kutapika sana juu ya dawa hizo kunaweza kumshushia presha, naye akaanguka anaposimama. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo au wa jicho hivi karibuni asipange tarehe ya kurejea nyumbani kabla ya kumwuliza daktari aliyempasua, kwa kuwa kutapika kwa nguvu hukaza kidonda na kuongeza msukumo ndani ya jicho. Anayehitaji oksijeni hasafiri bila mpango uliokubaliwa na hospitali na wahudumu wa chombo. Mjamzito aliyekaribia kujifungua asafiri kwa ushauri wa kliniki, kadi yake ikiwa mkononi.

Mahali pa kuketi

Meli inapokwenda mrama, omo na tezi ndizo zinazopanda na kushuka zaidi, na sitaha za juu huyumba kuliko za chini. Kwa hiyo kiti kilicho katikati ya chombo, katika sitaha ya chini ya abiria, ndicho kilicho tulivu zaidi. Msafiri aelekee mbele na atazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, ili macho yake yakubaliane na sikio. Kusoma na kutazama simu huzidisha kichefuchefu. Hewa safi husaidia, na harufu ya mafuta au ya chakula hudhuru. Asiyeweza kuona nje na afumbe macho, aegemeze kichwa kisitikisike.

Aliyetapika anywe maji kidogo kidogo. Kutapika kukiendelea, maji ya chumvichumvi ya pakiti yanafaa, na ni busara kutayarisha chupa yake kabla ya safari kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Tangawizi huwafaa baadhi ya watu, lakini haichukui nafasi ya dawa kwa anayesumbuka sana.

Dakika kumi za mwanzo

Abiria mgeni huzitumia dakika za mwanzo kutafuta kiti na kupanga mizigo. Afadhali azitumie kwanza kulijua jengo aliloingia, kwani meli ni jengo ambalo milango, ngazi na njia zake hazifanani na za nyumbani.

Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, meli ya kitalii ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,000. Watu 32 walifariki. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda jioni hiyohiyo na walikuwa hawajafanya zoezi la dharura, kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Tangu Januari 2015, kanuni za kimataifa zinadai abiria wapya wa safari za namna hiyo wafanye zoezi kabla ya kuondoka au mara tu chombo kinapoondoka.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu zake chungu. Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama usiku karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu walipoteza maisha. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, MV Skagit ilizama ikitokea Dar es Salaam kwenda Unguja. Abiria hana uwezo wa kukagua injini, lakini anaweza kuhakikisha jina lake halisi limeandikwa kwenye orodha, na anaweza kukataa kupanda chombo anachoona kimejaa kupindukia. Jina hilo ndilo ambalo waokoaji na ndugu hulitafuta.

Akishaingia, atambue milango miwili ya kutokea iliyo karibu na kiti chake, na ahesabu safu za viti hadi kila mlango, ili aweza kuifuata kwa kupapasa palipo na giza au moshi. Aulize jaketi la kujiokolea liko wapi na huvaliwaje. Mwenye mtoto aulize la mtoto, kwa kuwa la mtu mzima humchomoka. Jaketi huvaliwa juu ya nguo na mikanda yake hukazwa. Katika meli nyingi, ishara ya dharura ni milio saba au zaidi mifupi ikifuatwa na mmoja mrefu. Mtu akiisikia aache mizigo na afuate maelekezo ya mabaharia. Mkoba mdogo wa dawa unaweza kuvaliwa mwilini ili mikono ibaki huru.

Mgonjwa asiyeweza kutembea, asiyeona vizuri au asiyesikia ajitambulishe kwa wahudumu anapopanda. Akae karibu na mlango, kwenye sitaha asiyolazimika kupanda ngazi. Kuficha ulemavu au ugonjwa kwa haya humnyima msaada wakati ambao kila mtu ana haraka.

Dalili za kutafuta msaada

Kichefuchefu cha bahari kwa kawaida hupungua chombo kinapofika gatini. Kutapika kunakoambatana na homa, kuhara, damu, maumivu makali ya kifua au tumbo, kuchanganyikiwa au kupooza upande mmoja si kwa bahari, na wahudumu waarifiwe papo hapo. Anayetapika hali fahamu zake zimepungua alazwe kwa ubavu ili matapishi yasiingie mapafuni. Anayemsafisha anawe kwa sabuni na maji, kwa kuwa baadhi ya virusi vya kuhara na kutapika haviuawi vyema na vitakasa mikono vya alkoholi.

Mhudumu anayeandika rufaa anahitaji dakika chache tu kuongeza maswali haya: Je, mgonjwa amewahi kusafiri baharini? Dawa zake zitakaa wapi? Atakula nini kabla ya kuondoka, na nani atakuwa naye? Akitapika dawa, ameambiwa afanye nini? Majibu yakiandikwa chini ya barua ya rufaa, mpokeaji wa upande wa pili atajua pia ni dozi ipi ya kuulizia mgonjwa anapofika.