Jina Bovu Huvunja Injini

Aghalabu sisi walimu wa isimu hulaumiwa kwamba tumejifungia vyuoni tukibishana juu ya viambishi, ilhali wananchi wana shida zao za kila siku. Lawama hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo, ningependa kumthibitishia msomaji kwamba neno lisilofaa laweza kuvunja injini ya gari, na ushahidi wangu nitautoa Dadaab, katika Kaunti ya Garissa.

Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianza kujengwa mwaka 1991 ili kuwapokea waliokimbia vita vya Somalia. Tangu hapo Dadaab imekuwa mahali pa malori ya chakula, Land Cruiser za mashirika na mabasi ya kwenda Garissa, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 100. Palipo na magari pana mafundi, na palipo na mafundi pana lugha. Msomali husema gaari nasi husema gari, neno ambalo asili yake ni Bara Hindi. Yeye husema shukaan nasi usukani, na sote tumelichota katika Kiarabu. Taayir yake na tairi letu vyote vimetoka Uingereza. Kwa hiyo Msomali, Mkongo na Mkenya wa bara wakiinama chini ya boneti moja, Kiswahili huwaunganisha bila ya mkalimani.

Lakini kipo kifaa kimoja ambacho lugha hiyo ya gereji imekidhulumu. Hukaa mbele ya injini, kwenye ncha ya krenki. Kwa macho ni gurudumu la chuma linaloendesha mikanda, na kwa sababu hiyo mafundi wetu hukiita puli. Ukikichunguza utaona kwamba si chuma kimoja. Katikati kuna kitovu, nje kuna pete nzito, na baina yao umebanwa utepe wa mpira.

Mpira huo haukuwekwa kwa urembo. Kila silinda inapowaka, krenki husokotwa kidogo kisha hujirudi. Injini ikifikia mwendo fulani, misokoto hiyo huoana na mtetemo wa asili wa krenki na kuzidishana nguvu, mithili ya mtoto aliye kwenye bembea anaposukumwa kila arudipo. Hapo ndipo pete huchelewa kidogo, mpira hunyumbuka, na mtetemo hugeuka joto ukatoweka. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alikuwa miongoni mwa waliotafuta dawa ya maradhi haya mwanzoni mwa karne ya 20, wakati krenki ndefu za injini za silinda 6 zilipokuwa zikivunjika.

Silinda 6 zilizopangwa katika mstari mmoja ndizo zilizokuwa katika Datsun 240Z, gari la spoti lililotwaa ushindi wa mashindano ya Safari mwaka 1971 na 1973. Mpango huo huo umo katika injini ya dizeli ya 1HZ, yenye lita 4.2, ambayo imezibeba Land Cruiser nyingi za kaskazini mashariki. Gari la fahari na gari la kazi, basi, yana hofu moja.

Joto, umri na oili inayovuja huufanya mpira ukakamae na kupasuka. Dalili zake ni pete kuyumba, mlio wa kugonga, na mikanda kuchomoka. Mkanda ukitoka, altaneta na pampu ya maji huweza kusimama, na injini ikachemka porini. Aidha, katika injini ambazo alama ya taimingi imechorwa juu ya pete, alama huhama pamoja na pete, na fundi mwaminifu akafuata kipimo cha uongo.

Katika gereji moja nilishuhudia pete iliyolegea ikichomelewa kwenye kitovu chake. Mkanda ulinyooka, injini ikaunguruma, mwenye gari akalipa kwa furaha. Je, fundi alikuwa mjinga? La hasha! Alitii jina. Kazi ya puli ni kuzunguka, na ile ilizunguka barabara. Wenye magari ya mbio ambao huondoa kifaa hiki na kutia puli nyepesi wanajua wanachokihatarisha. Fundi wetu hakupewa nafasi ya kuchagua, kwa kuwa neno alilorithi lilimwambia nusu ya ukweli. Nusu iliyofichwa huenda ikajidhihirisha krenki itakapokatika usiku, gari likiwa limembeba mama mjamzito kwenda hospitali ya Garissa.

Kifaa hiki hakichomelewi, hubadilishwa. Katika kukitoa, nguvu ivutie kwenye kitovu kwa bolti, wala isivute pete ya nje. Sili ya oili na ufunguo wa krenki vikaguliwe. Kipya kisipigwe nyundo, na bolti yake ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji.

Tukiite nani, basi? Wasemaji wengi wa Kiingereza hukiita kisawazisha, ingawa katika injini nyingi hakisawazishi uzito wowote. Hakuna haja ya kutafsiri kosa lao. Mimi napendekeza kitulizakrenki. Kiambishi ki- hutaja chombo, kitenzi tuliza hutaja kazi, na hata mwanagenzi wa siku ya kwanza atauliza kinatuliza nini. Akishauliza hivyo, hatashika upesi mashine ya kuchomelea.

BAKITA iliundwa Tanzania mwaka 1967, na Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Istilahi za bunge na mahakama tumezishughulikia, lakini gereji tumeisahau. Vyuo vikuu viwatume wanafunzi wa isimu kwenye gereji wakawasikilize mafundi kwanza, ndipo wapendekeze maneno. Vyuo vya ufundi, vikiwemo vinavyowafunza vijana wa kambini, viyachapishe maneno hayo katika vitabu vyao. Wahenga walituasa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni mwembamba kama utepe wa mpira, na ungali unazibika.