Udongo Gani? Jina Lake Lina Maana Kliniki

Mjamzito anaposema kliniki, "Ninakula udongo," swali linalofuata liwe: udongo gani? Mkazi wa Mwembesongo, mjini Morogoro, ana maneno ya kutosha kulijibu, na kila neno hudokeza hatari yake.

Mfinyanzi ni udongo wa chembe ndogo mno, unaonata na kufinyangiwa vyungu. Ukiliwa, unaweza kunasa madini ya chuma tumboni yasifyonzwe, na damu ikapungua. Pemba, yaani vipande vya udongo vinavyouzwa sokoni, huweza kuwa na madini ya risasi au aseniki. Kuvikausha kwa moto hakuyaondoi. Udongo wa kichuguu, ukiwa umechafuliwa na kinyesi, huweza kubeba mayai ya minyoo. Udongo wa kichanga na wa tifutifu, penye unyevu na kivuli, hustawisha mabuu ya safura, ambayo hupenya ngozi ya miguu isiyo na viatu na kukua kuwa minyoo inayofyonza damu utumboni.

Hata hivyo, hamu ya udongo yaweza yenyewe kuwa dalili ya upungufu wa damu. Kwa hiyo mhudumu asimkaripie mama, bali ampime. Katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, himoglobini iliyo chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu.

Nawe mama, usione haya. Litaje jina la udongo unaokula. Jibu lako ni sehemu ya tiba.