Je, Wajua? Aljebra na Jometri Ziko Sokoni, Shambani na Juu ya Paa

Mafumbo ya hesabu hayakuzaliwa darasani. Yalizaliwa na watu waliogawana chakula, mashamba na mirathi.

Je, wajua kwamba fumbo la "kiasi fulani kikijumlishwa na sehemu yake ya saba hupatikana 19" lina zaidi ya miaka 3,500? Limo katika mafunjo yaliyonakiliwa na Ahmes wa Misri, ambayo sasa yamehifadhiwa London. Leo tungeandika x + x/7 = 19. Jibu: 16 na 5/8.

Je, wajua kwamba al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake maarufu cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, hakutumia x hata mara moja? Milinganyo yote aliieleza kwa maneno matupu, na sehemu kubwa ya kitabu inahusu mirathi.

Je, wajua kwamba mirathi ya Kiislamu bado hukokotolewa hivyo? Marehemu asiye na wazazi hai ameacha mjane, mwana na binti, na baada ya madeni na wasia zimebaki shilingi milioni 24. Mjane hupata 1/8, yaani milioni 3. Fungu la binti likiwa x, la mwana ni 2x. Basi 3x = milioni 21: binti milioni 7, mwana milioni 14.

Je, wajua kwamba alama ya = ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1557? Mwanahisabati Robert Recorde wa Wales aliibuni ili asirudie kila mara maneno ya "ni sawa na".

Je, wajua kwamba "hatua 70 kwa 70" za wakulima wetu zinakaribia sana ekari halisi? Hatua ikiwa yadi moja, mraba huo una yadi za mraba 4,900. Ekari ina 4,840.

Je, wajua kwamba ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo Kenya huitwa moja ya nane ya ekari, haifiki hapo? Ina futi za mraba 5,000, ilhali moja ya nane kamili ni 5,445. Pima kabla ya kulipa.

Je, wajua kwamba milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji? Paa lililofunika mita 10 kwa 8, mvua ikinyesha milimita 25, hupokea lita 2,000.

Je, wajua namna fundi anavyohakikisha kona ya msingi imekaa skwea? Hupima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili. Ulalo ukisoma futi 5 kamili, kona ni pembe mraba, maana 9 + 16 = 25.

Je, wajua kwamba urefu wa mnazi hupimwa bila kuukwea? Simamisha fimbo ya mita 1. Kivuli chake kikiwa nusu mita, na cha mnazi mita 8 wakati huohuo, mnazi una mita 16.

Je, wajua kwamba bei ikipanda asilimia 20 kisha ikashuka asilimia 20, hairudi ilipokuwa? Sh. 10,000 hupanda hadi 12,000, kisha hushuka hadi 9,600.

Je, wajua kwamba ukienda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia hiyohiyo kwa 40, wastani wako si 50? Ni 48, kwa kuwa mwendo wa polepole umekula muda mwingi zaidi.

Mzazi, mwalimu: mtoto akikwama kwenye fumbo, usimpe jibu. Muulize, "Ni kitu gani hatukijui?" Akipe herufi, aandike sentensi ya fumbo kwa namba, kisha alirudishe jibu kwenye fumbo alihakiki. Hisabati haina watoto wateule. Kila mtoto anaiweza.