Tarakilishi kuukuu: Diski ya nje isiposomeka, usikubali kuifuta

MWALIMU wa Nyamira anayetaka kuhamisha alama za wanafunzi kutoka tarakilishi ya zamani, au karani wa chama cha ushirika Kisii mwenye hesabu za miaka mingi, huenda akakumbana na tatizo moja: anachomeka diski ya nje, nayo mashine haiitambui.

Hatari kubwa zaidi ni ujumbe unaoweza kufuata, ukisema diski haijafomatiwa na kuuliza iwapo ifomatiwe. Anayekubali hufuta orodha ya yaliyomo, ilhali mara nyingi diski yenyewe ni nzima. Jibu salama ni kukataa, kisha kutafuta chanzo hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni umeme. Tundu la USB la mashine hizo hutoa miliampea 500 pekee, na diski ndogo isiyo na adapta yake huweza kuhitaji zaidi inapoanza kuzunguka. Itumie kebo fupi, ichomekwe nyuma ya mashine badala ya mbele, ambako waya wa ndani huongeza urefu. Ikishindikana, kebo yenye vichwa viwili vya USB au kigawanyi chenye adapta yake husaidia.

Mlio wa kugonga-gonga ukisikika hata baada ya hapo, diski izimwe mara moja na ipelekwe kwa fundi. Kila jaribio jipya laweza kuongeza uharibifu.

Hatua ya pili ni programu. Windows 98 haikuja na draiva ya jumla ya diski za USB. Kila kifaa kilihitaji draiva yake. Windows 2000 na Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, zinayo. Hata hivyo, XP huweza kuipa diski herufi inayotumiwa tayari na mtandao wa ofisi, nayo ikakosa kuonekana. Herufi hiyo hubadilishwa katika sehemu ya Disk Management.

Hatua ya tatu ni mtindo wa kuhifadhi faili. Windows 98 haisomi NTFS. XP haisomi exFAT pasipo nyongeza iliyotolewa mwaka 2009, na toleo lake la kawaida la biti 32 halisomi diski zilizogawanywa kwa mtindo wa GPT, aghalabu zile zinazozidi terabaiti 2.

Suluhisho rahisi ni flashi tupu isiyozidi gigabaiti 32, iliyofomatiwa kwa FAT32 katika tarakilishi mpya. Kikwazo chake ni kwamba haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4.

Kasi nayo haipaswi kusahaulika. Matundu ya USB 1.1 hupitisha megabiti 12 kwa sekunde, hivyo gigabaiti moja huchukua yapata dakika 15 hadi 20, na gigabaiti 10 takriban saa tatu.

Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, ambako mvua ya radi hunyesha mara nyingi alasiri, ni busara kuanza kazi hiyo asubuhi. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, faili huweza kuharibika. Wingu likitanda, mashine ichomolewe ukutani.

Iwapo tarakilishi yenyewe haiwaki, kumbukumbu huenda zingali salama. Fundi huweza kuitoa diski ya ndani na kuiunganisha na mashine mpya kwa adapta ya IDE hadi USB, baada ya kuweka kile kipini kidogo cha nyuma yake katika nafasi ya Master.

Kunakili peke yake hakutoshi. Faili zifunguliwe kwanza katika tarakilishi nyingine, nakala ya pili iwekwe mahali tofauti, na hapo tu ndipo mashine kuukuu iweze kustaafishwa.